Klachi Inaposhikia Juu

Hakuna geji kwenye dashibodi inayoonyesha unene uliobaki wa sahani ya klachi, na kwa sababu hiyo madereva wengi wa magari ya michezo yenye gia za mkono huegemeza hukumu yao kwenye jambo moja tu wanaloweza kulihisi, yaani mahali ambapo pedali, inapoachiwa polepole, huanza kulisukuma gari. Ikishika karibu na sakafu husemwa kwamba klachi bado nzima. Ikishika pale mguu unapokaribia kuiachia kabisa, husemwa kwamba imekwisha, na mwenye gari huambiwa aandae fedha za kushusha gia boksi. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini chembe hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kimo ambacho pedali hushikia huamuliwa na mlolongo mzima wa vyuma, mafuta na mipira ulio kati ya mguu na injini, na sahani ni kiungo cha mwisho tu katika mlolongo huo. Kuchakaa kwa sahani huthibitishwa na kuteleza kwake; pedali husema kweli pale tu inapolinganishwa na ilivyokuwa zamani katika gari lile lile.

Katika miji ya Jinja na Mbale tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Miji yote miwili imekuwa wenyeji wa raundi za mashindano ya taifa ya mbio za magari yanayosimamiwa na shirikisho la Uganda la vilabu vya michezo ya magari, FMU, na magari yanayotawala mashindano hayo kwa miaka mingi yamekuwa Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, magari ya injini ya lita mbili yenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuijaza mitungi hewa nyingi zaidi. Charles Muhangi alipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999 alikuwa akiendesha Impreza, na tangu hapo jina la gari hilo limekuwa na heshima ambayo haijafifia kati ya vijana wa mashariki mwa nchi. Kwa kuwa Uganda hupita kushoto na kutumia usukani wa kulia kama Japani, magari hayo huingia nchini yakiwa yametumika, na kila moja huja na historia ya mguu ambao hakuna mtu wa Jinja aliyewahi kuuona. Tena, marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Usalama Barabarani yalizuia uingizaji wa magari yaliyopita miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo Impreza na Evolution za miaka ya 1990 zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni zile zilizoingia kabla ya hapo na kupita mkono hadi mkono. Anayenunua gari la namna hiyo hajui pedali yake ilishikia wapi ilipokuwa mpya, na hapo ndipo makosa ya utambuzi yanapoanzia.

Ili kuielewa pedali ni lazima kuanza upande wa pili, ndani ya nyumba ya klachi, kati ya injini na gia boksi. Mwishoni mwa shafti ya injini imefungwa flaiwili, gurudumu zito la chuma lenye uso laini. Shafti inayoingiza nguvu katika gia boksi imechongwa meno, na juu ya meno hayo imevikwa sahani ya klachi, ambayo pande zake zote mbili zimefunikwa kwa lainingi, yaani tabaka gumu la msuguano lililotengenezwa kwa nyuzi, utomvu na chembe za metali kama shaba. Nyuma ya sahani hukaa presha pleti, bamba la chuma linaloibana sahani dhidi ya flaiwili kwa nguvu ya springi moja pana yenye umbo la kisahani kilichobonyea, iliyokatwa vidole vinavyoelekea katikati. Mguu ukiwa mbali na pedali, springi hubana kwa nguvu zake zote na sahani huzunguka pamoja na injini. Mguu unapokanyaga, vidole vya springi husukumwa au kuvutwa, presha pleti hurudi nyuma, na sahani hubaki huru. Kazi ya dereva, kwa hiyo, ni kufungua tu. Kubana ni kazi ya springi peke yake, na mguu, hata uwe na nguvu kiasi gani, hauwezi kuiongezea springi kitu.

Nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita torki na ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita, hupita kwenye klachi kwa msuguano tu, na kiasi kinachoweza kupita kinategemea mambo manne yanayozidishwa: nguvu ya kubana ya springi, ukali wa msuguano wa lainingi, umbali wa wastani wa lainingi kutoka katikati, na idadi ya nyuso zinazogusana, ambazo katika klachi ya sahani moja ni mbili. Springi inayobana kwa nyutoni 6,000, lainingi yenye kipimo cha msuguano cha 0.3 na umbali wa wastani wa milimita 95 zitahimili torki ya nyutoni-mita 342. Gari lenye injini ya lita mbili yenye tabo hutoa zaidi ya nyutoni-mita 300 likiwa kama lilivyotoka kiwandani, na fundi akiongeza shinikizo la tabo, torki hupanda haraka hadi kuzidi akiba iliyoachwa na mtengenezaji. Klachi ya gari kama hilo itateleza hata ikiwa na sahani mpya kabisa, na kuiita iliyochakaa ni kukosea ugonjwa.

Kutoka kwenye mguu hadi kwenye vidole vya springi kuna safari inayopunguzwa hatua kwa hatua. Pedali husukuma kijiti kinachoingia katika silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta. Masta husukuma mafuta ya breki kupitia bomba na mpira hadi silinda ya chini, yaani slevu. Slevu husukuma uma, wenzo wa chuma unaoisogeza beringi ya klachi dhidi ya vidole. Pedali inayosafiri karibu milimita 140 huisogeza beringi kwa kawaida milimita 8 hadi 10 tu, na presha pleti yenyewe hurudi nyuma kwa chini ya milimita 2. Dereva, kwa maneno mengine, huihisi klachi kupitia darubini: badiliko dogo sana kwenye sahani, kama halikusawazishwa na kitu kingine, lingeonekana kwenye pedali likiwa limezidishwa mara nyingi. Na mabadiliko ya sahani kweli ni madogo. Lainingi hufungwa kwa riveti, na vitabu vingi vya watengenezaji huelekeza kwamba sahani ibadilishwe pale vichwa vya riveti vinapobaki milimita 0.3 tu chini ya uso wa lainingi, kwa hiyo maisha yote ya sahani, pengine miaka kumi ya kazi, yamo ndani ya milimita moja na kidogo kila upande.

Hapa ndipo aina ya mfumo inapoleta tofauti kubwa ambayo haisemwi vya kutosha. Katika gari linalotumia waya badala ya mafuta, sahani inapopungua presha pleti husogea kuelekea flaiwili na vidole vya springi hubadili mkao. Kwa kuwa waya una urefu usiobadilika, uhuru wa pedali hupungua, klachi huanza kushikia juu zaidi mwezi baada ya mwezi, na fundi huulegeza waya ili kuirudisha mahali pake. Imani kwamba klachi inayoshikia juu imekwisha ilizaliwa kwenye magari ya namna hiyo, na huko ilistahili kuaminiwa. Lakini Impreza na Evolution, kama magari mengi ya michezo ya Japani, hutumia mafuta, na mfumo wa mafuta hujisawazisha wenyewe. Vidole vinapobadili mkao hurudisha beringi, beringi hurudisha uma, uma hurudisha pistoni ya slevu ndani zaidi, na mafuta yaliyosukumwa hupanda hadi kwenye kikopo kilicho juu ya masta kupitia kitundu kinachokuwa wazi pedali inapokuwa imeachiwa kabisa. Matokeo yake ni ya ajabu kwa aliyezoea breki: katika breki, kuchakaa kwa pedi hushusha kiwango cha mafuta kikoponi, ilhali katika klachi kuchakaa kwa sahani hukipandisha kidogo. Kikopo cha klachi kinachopungua mafuta hakiwezi kamwe kuelezwa kwa kuchakaa kwa sahani. Mahali fulani panavuja.

Hata hivyo haitakuwa sahihi kusema kwamba pedali ya mafuta haisogei kabisa. Kati ya lainingi mbili za sahani kuna vibati vyembamba vilivyopindwa mawimbi, ambavyo kazi yake ni kuifanya klachi ishike kwa ulaini badala ya kugonga, na vibati hivyo hulala kadiri joto na miaka vinavyopita, hivyo eneo la kushika huwa jembamba na la ghafla. Mkao wa springi nao hubadilika: sahani inapopungua, springi hufanya kazi katika sehemu nyingine ya mkunjo wake, na katika magari mengi dereva huona pedali imekuwa nzito kuliko zamani, dalili ambayo kwa maoni ya makala hii inastahili kusikilizwa zaidi ya kimo cha kushika. Mwishowe, lainingi iliyoungua hupoteza ukali wa msuguano, na sahani huhitaji kubanwa zaidi kabla ya gari kuondoka, jambo ambalo mguu huliona kama kushikia juu. Basi klachi iliyochakaa inaweza kushikia juu. Ila klachi inayoshikia juu haijathibitishwa kuwa imechakaa, kwa kuwa yapo magari yaliyotoka kiwandani yakishikia juu, na yapo yaliyorekebishwa hivyo na mikono ya watu.

Kushikia chini, karibu na sakafu, ndiyo hali inayotuliza wengi bila sababu. Mara nyingi maana yake ni kwamba mafuta hayafiki yote slevuni: hewa imeingia bombani, mpira wa masta umechakaa ndani na kuruhusu mafuta kurudi nyuma ya pistoni, au bomba la mpira limezeeka na hutanuka linaposhinikizwa. Njia ya kulitambua hili haihitaji kifaa chochote. Pedali ikipigwa haraka mara tatu au nne na mahali pa kushika pakapanda, kasoro iko kwenye mafuta wala haiko kwenye sahani, kwa sababu hakuna namna ya kuiongezea sahani unene kwa kupiga pedali. Ishara ya pili ni gia ya nyuma inayolia inapoingizwa gari likiwa limesimama, kwani sahani ambayo haijaachiwa kabisa huendelea kuizungusha shafti ya gia boksi. Mafuta yenyewe hunyonya unyevu kutoka hewani, na mafuta ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 za selsiasi au zaidi, yaliyonyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Katika magari haya slevu hukaa juu ya gia boksi au ubavuni mwake, jirani na mabomba ya moshi ya tabo yanayochemka, na pedali iliyokuwa nzuri asubuhi huzama sakafuni alasiri baada ya mbio. Ikishapoa hurudi, na mwenye gari husahau.

Kosa linaloumiza zaidi ni lile linalotengenezwa kwa makusudi. Juu kabisa ya safari ya pedali panatakiwa kuwa na milimita chache ambazo pedali husogea kabla ya kijiti kugusa pistoni ya masta. Mafundi huziita plei. Dereva anayetaka klachi ishikie mahali fulani, au fundi anayetaka kuficha mpira wa masta uliochoka, hukikaza kile kijiti hadi plei inakwisha. Kitundu cha kurudishia mafuta kikoponi sasa hakifunguki tena. Mafuta yaliyonaswa hupata joto, hutanuka, na kwa kuwa hayana pa kwenda huisukuma slevu, nayo huanza kuvipunguzia vidole vya springi nguvu ya kubana wakati mguu hata haujagusa pedali. Klachi huteleza barabarani, lainingi huungua, na sahani iliyokuwa na miaka mitano mbele yake huisha kwa majuma machache. Atakayeifungua atakuta kweli imekwisha, na kila mtu ataamini kwamba ile pedali iliyoshikia juu ilikuwa ikitabiri, kumbe ndiyo iliyosababisha.

Joto ndilo linaloila klachi, na kiasi chake kinaweza kukadiriwa. Sahani inapobanwa kikamilifu hakuna msuguano wa kuteleza na hakuna kinacholika, hata gari likienda kwa kasi gani. Kula hutokea katika zile sekunde ambazo injini na gia boksi zinazunguka kwa kasi tofauti. Mtu anayeondoka kwenye tambarare akiishikilia injini kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika hadi kasi zilingane hutoa kwenye klachi joto mara nne ya yule anayeondoka kwa 2,000, kwa kuwa nishati inayopotea hukua kwa mraba wa kasi ya mzunguko. Kuanza hatua ya mashindano katika mashamba ya miwa ya Kakira, ambako dereva wa mbio huachia klachi injini ikinguruma ili tabo iwe tayari imejaa, ni matumizi yenye gharama inayojulikana na timu huibeba kwa hiari. Jambo la kusikitisha ni kwamba namna hiyo ya kuondoka huigwa kwenye taa za mjini na vijana ambao hawana sahani ya akiba.

Mwinuko wa nchi yenyewe huongeza shida kwa njia isiyoonekana. Jinja na Mbale ziko katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, na Kapchorwa, kwenye mabega ya mlima Elgon, iko karibu mita 1,900, ambako upungufu hukaribia moja ya tano. Tabo hufidia hewa hiyo ikishaanza kuvuma, lakini chini ya mizunguko 2,500 au 3,000 injini ndogo huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa Japani penye usawa wa bahari, na dereva anayetaka kuondoka mlimani huongeza mafuta na kuichelewesha klachi bila hata kujua kwamba anafanya hivyo.

Barabara nazo zina hulka zake. Jinja kwa sehemu kubwa ni tambarare, na adui wa klachi huko ni foleni. Kabla ya Daraja la Chanzo cha Nile lenye urefu wa mita 525 kufunguliwa Oktoba 2018, magari yote ya njia kuu ya Kampala kuelekea Kenya yalivuka mto juu ya bwawa la Nalubaale, ambalo lilifunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, na malori yalipojipanga pale gari la michezo lililazimika kutambaa kwa gia ya kwanza. Daraja limeondoa sehemu ya adha hiyo, lakini trela za miwa zinazoelekea kiwandani Kakira bado huenda taratibu, na matuta ya kupunguza mwendo kwenye kila kituo cha biashara huitaka klachi tena na tena. Gia ya kwanza ya gari la mbio ni ndefu kuliko ya basi dogo la abiria, hivyo mwendo wa kutambaa ambao dereva wa HiAce huufuata klachi ikiwa imeshika kabisa, mwenye Evolution huufuata kwa nusu klachi, na nusu klachi ni kuungua.

Mbale ni habari nyingine. Mji umekaa miguuni mwa Wanale, jabali linaloinuka ghafla juu ya nyumba za mji, na anayetoka kwenda Sironko na kupanda Sipi hukutana na miinuko ambako kusimama nyuma ya lori maana yake ni kuondoka tena kilimani. Mbinu inayofundishwa, ile ya kubalansi, yaani kulishikilia gari mlimani kwa klachi iliyoachiwa nusu na mafuta kidogo, ni stadi nzuri ikidumu sekunde mbili wakati wa kuondoka. Ikitumiwa badala ya hendibreki wakati wa kungoja, hakuna matumizi mabaya zaidi ya klachi, maana joto lote linatolewa na gari halijasogea hata hatua moja. Baadhi ya Subaru za zamani zenye gia za mkono zilijengewa msaada mzuri kwa hali hii: waya unaotoka kwenye uma wa klachi hadi kwenye vali ya breki, ambao huzuia breki zisiachie mlimani hadi klachi ianze kushika. Mahali pa kushika pakibadilika, waya huo nao lazima urekebishwe, la sivyo breki zitachelewa kuachia na dereva atadhani gari limekosa nguvu. Mafundi wengi, wasipojua kazi ya waya huo, huuondoa. Ni hasara, hasa Mbale.

Vumbi la maramu wakati wa kiangazi na tope la Elgon wakati wa mvua huingia katika nyumba ya klachi kupitia tundu la uma, ambalo kiwanda hulifunika kwa mpira mdogo ambao ukichanika mara nyingi haurudishwi. Vumbi laini likichanganyika na unga wa lainingi huung'arisha uso wa sahani kama kioo na kuufanya utetemeke wakati wa kushika. Maji huleta tatizo la namna nyingine. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipoingia mjini Mbale na kuua watu, gari lililosimama majini lingeweza kukaushwa viti na nyaya na bado likakataa kuingia gia, kwa kuwa sahani inapokaa siku nyingi imebanwa ikiwa na unyevu hushikana na flaiwili kwa kutu. Pedali katika hali hiyo haina kasoro yoyote na kimo chake cha kushika hakiwezi hata kupimwa.

Jaribio linaloonyesha kuchakaa kweli hufanywa barabarani, na barabara ya Iganga hadi Mbale kupitia Tirinyi, iliyonyooka na tambarare kwa sehemu kubwa, inafaa mno pale pasipo na watu wala magari. Gari likiwa limepata joto la kawaida, katika gia ya nne na injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 hivi, mafuta hukanyagwa hadi mwisho. Klachi nzima huzifanya geji mbili, ya mizunguko na ya mwendo, zipande pamoja. Klachi inayoteleza huiruhusu ya mizunguko iruke peke yake, na katika magari ya tabo huruka pale tabo inapofikia shinikizo lake la juu, mara nyingi kati ya mizunguko 3,000 na 4,000, kwa sababu hapo ndipo torki inapokuwa kubwa zaidi. Jaribio la gereji, la kuvuta hendibreki, kuingiza gia ya nne na kuachia klachi ili kuona kama injini itazima, hugundua tu klachi iliyokwisha kabisa, na kulirudia ni kuichoma sahani bure. Kuteleza kukionekana, bado swali moja hubaki kabla ya kulaumu umri, nalo ni mafuta ya injini, kwani oili sili ya nyuma ya injini ikivuja, au kile kifuniko cha plastiki kilicho nyuma ya injini za Subaru za zamani kikiachia, lainingi nene kabisa hulowa na kuteleza. Kubadilisha sahani bila kuziba chanzo cha mafuta hayo ni kununua ugonjwa ule ule mara ya pili.

Kazi ya kubadilisha yenyewe ina mtego wake kwa mafundi waliokulia kwenye malori na mabasi madogo. Impreza nyingi za tabo zenye gia tano na Evolution nyingi za miaka ya 1990 na 2000 hutumia klachi ambayo beringi yake huvuta vidole badala ya kuvisukuma, na beringi hiyo imenaswa kwenye presha pleti, kwa hiyo lazima iachishwe kwanza kupitia tundu la nyumba ya klachi kabla gia boksi haijatenganishwa na injini. Anayelazimisha kwa mitaimbo hupinda uma. Flaiwili nayo ikaguliwe kwa jicho la makini, kwani madoa ya buluu na nyufa ndogo huonyesha joto lililopita kiasi, na sahani mpya juu ya uso ulioharibika haitashika sawasawa. Unga uliojaa ndani usipulizwe kwa hewa ya kompresa; lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi, na hakuna fundi anayeweza kuitambua kwa macho. Kitambaa kilicholoweshwa kinatosha. Kuhusu sahani za mbio zenye vipande vichache vya metali iliyochomwa, zinazouzwa kama tiba ya klachi inayoteleza, faida yake ni ya gari la mashindano tu, kwani hushika kwa kishindo, hazina ulaini wa kutambaa kwenye foleni, na mshtuko wake huishia kwenye meno ya gia boksi, ambayo katika Impreza ya gia tano hayajulikani kwa uvumilivu.

Sahani mpya ya lainingi ya kawaida huhitaji kuzoeshwa, na watengenezaji wengi hutaja kilomita 500 hadi 800 za uendeshaji wa upole, ambapo nyuso mbili hulainishana hadi zigusane kote. Kilomita hizo zinapaswa kuwa za mjini. Safari ya kutoka Jinja hadi Mbale na kurudi hujaza karibu kilomita 300 kwenye geji, ila klachi hutumika humo mara chache tu, na sahani hufika nyumbani ikiwa karibu kama ilivyoondoka. Mitaa ya Jinja na vituo vyake vya kusimama na kuondoka hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa umbali mfupi. Katika kipindi hicho mahali pa kushika husogea kidogo, kisha hutulia. Hapo ndipo rula inapofaa kuwekwa kati ya sakafu na pedali, injini ikiwa imepata joto na gari likiwa kwenye tambarare, na kipimo cha pale linapoanza kusogea kiandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe, kilomita, plei ya pedali na kiwango cha mafuta kikoponi, ili fundi atakayeshika gari hilo miaka mitano baadaye, awe Jinja au Mbale, awe na namba ya kulinganisha.